Matusi ya Ubaguzi Katika Simu Zetu



Tarehe 11 Julai 2021, Uingereza ilishindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Kombe la Ulaya mjini London. Vijana watatu weusi, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walikosa penalti zao. Mara kurasa zao kwenye intaneti zikajazwa picha za nyani na matusi juu ya rangi ya ngozi yao. Vijana wa parokia zetu, ambao wengi ni mashabiki wa timu za huko, walikasirika, na kwa haki.

Lakini hasira hiyo huenda wapi ujumbe unapotufikia hapa Kenya ukiwaita majirani zetu “madoadoa”? Wengi hucheka, kisha huwapelekea wengine. Anayepeleka hujitetea kwamba hakuutunga yeye. Dhambi hiyo ni nadra kusikika katika kitubio. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu ulitumika kuchochea chuki, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008, waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humohumo.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaadhibu maneno ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria njema. Ila mahakama iko mbali, na jumuiya ndogondogo iko jirani. Kiongozi anayesimamia kundi la simu la jumuiya asinyamaze. Amwendee mkosaji faraghani kwanza, kama Injili ya Mathayo, sura ya 18, inavyoagiza. Akikaidi, aondolewe kundini, hata akiwa mfadhili wa parokia. Ujumbe wenyewe usifutwe kabla ya kupigwa picha pamoja na tarehe na namba ya aliyeutuma, la sivyo mlalamikaji atakwenda mikono mitupu.

Nao wahudumu wa ustawi wa jamii, tunawasihi waanze na aliyetukanwa. Mara nyingi sisi humkimbilia mkosaji kwa mahubiri, na aliyejeruhiwa akabaki peke yake na simu yake. Aulizwe kama anapata usingizi, kama anaogopa kwenda sokoni, kama watoto wake wameusoma ujumbe ule. Ndipo aulizwe kama anataka kushtaki. Uamuzi huo ni wake.