Tusimsingizie shetani

Mtu akimuua mkewe na wanawe, tunasema kapandwa na shetani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa duniani na wenza au jamaa zao. Afrika ndiyo iliyozika wengi zaidi, takriban 21,700. Shetani gani huyu asiyetoka ndani ya nyumba? Mara nyingi mauaji hutanguliwa na wivu, vitisho, kukabwa koo, kisha mwanamke kutaka kuondoka. Muuaji humwona mwanamke huyo kama mali yake inayomponyoka. Wapo wagonjwa wa akili kweli, na sheria inawatambua, lakini wagonjwa wengi hawaui mtu. Kwa hiyo hata kijijini kama Likawage, mbali na mji wa Kilwa Masoko, mtendaji wa kijiji anayepokea malalamiko ya mwanamke aliyekabwa koo asimrudishe nyumbani eti wakayamalize.