Nani Aliuhesabia Moyo Mapigo Yake?

Mjomba wangu alibeba abiria kwa baiskeli pale Busia, kwenye mpaka wetu na Kenya, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana aliitundika baiskeli ukutani. Hakuwa ameugua wala kuchoka. Mwenzake mmoja wa kituoni, mtu anayesifika kwa kusoma, alimwambia kwamba kila kiumbe amepewa idadi yake ya mapigo ya moyo, na anayeukimbiza moyo huyamaliza mapema. Nilipokwenda likizo nilimkuta amekaa kivulini, anaubania moyo wake kama mtu anayebania mafuta ya taa.

"Hayo ni mambo ya sayansi, mpwa wangu," aliniambia. "Hata shuleni mnafundishwa."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo sekondari, na nikayaandika kwenye daftari bila kuuliza swali.

Wazo hili lina wenyewe. Mjerumani Max Rubner alilijenga mwaka 1908 baada ya kulinganisha wanyama wachache wa kufugwa, na Mmarekani Raymond Pearl akalipa nguvu kwa kitabu cha mwaka 1928. Walidai kwamba umetaboli, yaani kazi ya mwili kuunguza chakula ili upate nguvu, ndio unaokula umri: ukiunguza haraka, utakufa haraka. Sikatai kwamba hesabu yao inavutia. Moyo wa panya mdogo wa nyumbani hupiga kama mara 600 kwa dakika, naye akifika miaka mitatu amezeeka. Wa tembo hupiga kama mara 30, naye hufika miaka 65. Zidisha mwenyewe: kila mmoja anapata karibu mapigo bilioni moja. Ni rahisi kuona hapo mkono wa mhasibu.

Lakini mhasibu huyo alimsahau binadamu. Mapigo 70 kwa dakika kwa miaka 65 ni zaidi ya bilioni mbili na robo. Nani alitukopesha hizo nyingine? Tena alimsahau kasuku. Kasuku wa kijivu wa misitu yetu na ya Kongo ana uzito wa kama gramu 400, sawa na panya mkubwa wa maabara. Ndege wana joto la mwili kupita letu na huunguza chakula kwa kasi kuliko wanyama wanyonyeshao wa uzito wao. Kwa hiyo kasuku angepaswa kufa kabla ya panya. Panya huyo anaishi kama miaka mitatu; kasuku akitunzwa vizuri anapita 40.

Kisha yupo fuko asiye na manyoya, anayechimba chini ya ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Umbo lake halipendezi hata kidogo, lakini amepita miaka 30 katika maabara, ilhali panya wa ukubwa huohuo hafiki hata minne. Watetezi wa Rubner watasema mwili wake unaunguza chakula polepole. Ni kweli, lakini si polepole mara kumi, na umri wake unakaribia mara kumi. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walionyesha kwamba hatari yake ya kufa haiongezeki kadiri anavyozeeka, jambo ambalo sisi wengine hatukujaliwa.

Basi tofauti inatoka wapi? Sehemu kubwa imo katika jeni, na hasa jeni zinazosimamia ukarabati wa mwili. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walieleza juu ya mnyoo wa urefu wa milimita moja: badiliko katika jeni moja tu, daf-2, liliongeza umri wake mara mbili. Mnyoo yule hakuwa amelala akihifadhi nguvu; alitambaa kama kawaida. Tembo naye ana takriban nakala 20 za jeni iitwayo TP53, inayoziua seli zilizoharibika kabla hazijawa saratani. Sisi tunayo moja. Mwili wake mkubwa hauishi miaka mingi kwa sababu ya uvivu. Una walinzi wengi.

Hata tukikubali mchezo wao wa kuhesabu, mjomba bado ameshauriwa vibaya. Mtu asiyefanya mazoezi, moyo ukipiga 75 kwa dakika, anatumia mapigo 108,000 kwa siku. Aliyezoea mazoezi moyo wake hutulia, tuseme 60. Akiendesha baiskeli saa moja kwa mapigo 140, kisha akapumzika saa 23, jumla ni 91,200. Anayebania ndiye anayetumia zaidi!

Nilimfanyia mjomba hesabu hiyo kwa kijiti, mchangani. Aliifuata mstari kwa mstari, kwani hesabu za nauli zimemfanya mkali wa tarakimu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kwa nini mwalimu wangu hakuizidisha ile ya binadamu, kazi ya dakika mbili ubaoni. Nilikosa jibu, nami baada ya mwaka mmoja nitasimama mbele ya ubao kama ule.

Jioni aliniagiza nimletee pampu.