Injini Ikigoma, Uliza Mkono Wako Kwanza

Ukipita Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru, Jumapili mchana, huenda ukamkuta kijana amefungua boneti uani na majirani wamemzunguka. Kila mmoja ana hukumu yake. Huyu asema betri imelala. Yule aapa kwamba petroli imeingia maji. Wa tatu ataka kabureta ing'olewe. Mwenye gari kimya, jasho lamtoka. Ameifungua injini kwa mara ya kwanza maishani, ameifunga, na sasa haishiki.

Kimya chake ndicho ninachokilaumu leo.

Nami niliwahi kuwa kijana huyo. Gari langu lilikuwa Datsun 1200. Nilitia ringi na beringi mpya, nikakaza kila nati. Nilipopiga stata, injini ilipiga chafya kupitia kabureta, ikanyamaza. Kwa majuma mawili nilinunua plagi, koili na pampu ya petroli. Sikumwambia mtu kwamba nilichomoa distribyuta bila kuitia alama. Niliona haya. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatimaye fundi mmoja mzee aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulichomoa nini bila alama?" Nikakiri. Akatoa plagi ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole, akaniamuru nizungushe krenki polepole. Pumzi ilipomsukuma kidole, akanieleza kwamba krenki huzunguka mara mbili ndipo kazi ya silinda ikamilike, na pistoni hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikibana hewa, mara ya pili ikitoa moshi. Mimi nilikuwa nimetega taimingi kwenye ile ya moshi. Distribyuta ilikosea kwa nusu mzunguko. Tuliirekebisha, injini ikashika. Vile vipuri vya zamani nilivyovitupa havikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo nasema: gari lililoingia uani likitembea, kisha likakataa baada ya injini kufungwa, mshukiwa wa kwanza ni mkono ulioigusa mwisho. Kagua kwa utaratibu: cheche, petroli, pumzi, taimingi. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine. Moshi nao husema. Mweusi ni petroli kuzidi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, na maji ya redieta yakipungua, shuku gasketi ya hedi.

Tena, kitabu kisomwe kwa akili. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Geji ya kupimia pumzi ya silinda itaonyesha pungufu, karibu sehemu moja kwa tano, ukilinganisha na Mombasa. Kijana asiyejua hilo ataihukumu injini nzima kuwa imekufa. La kutazama zaidi ni kama silinda zalingana.

Wapo wanaosema asiyesomea ufundi asiguse injini. Sikubaliani nao. Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alishika spana kabla ya kushika kombe. Ufundi wa mitaani kwetu umepita mkono hadi mkono. Lakini fundi akificha siri asipoteze mteja, na kijana akificha kosa asichekwe, maarifa hayo yatapitia wapi?

Mafundi, waonyesheni vijana. Vijana, tieni alama kabla ya kuchomoa, na mkikosea mseme mapema. Nasi majirani, tupunguze hukumu. Kijana akichekwa leo, kesho hataleta swali lake. Ataleta gari likivutwa kwa kamba.