Viazi vinapimwa, mgongo je?

Marikiti kila kitu kina mizani. Viazi, vitunguu, karoti, zote zinapita kwa kilo. Lakini sijaona mtu akipima kazi ya msee anayevuta mkokoteni kutoka pale hadi Gikomba. Yeye tunampea "pole kwa kazi", halafu tunabargain naye juu ya hamsini bob.

Sasa, ugumu wa hiyo kazi unapimika kabisa. Chukua mizani ya springi, ile ya ndoano. Ifunge kwa mkono wa mkokoteni uliojaa, vuta pole pole, soma kilo. Utapata namba mbili: ya kung'oa magurudumu pale yamesimama, ambayo huwa kubwa, na ya kuendelea kuvuta. Mwongozo wa usalama kazini wa Uingereza umetumia takriban kilo 20 za kung'oa na 10 za kuendelea kwa mwanaume, 15 na 7 kwa mwanamke. Ukizidi hapo si eti umevunja sheria, ila kazi inafaa kuchunguzwa vizuri.

Hebu tupige hesabu ya huku kwetu. Magunia 10 ya kilo 50 ni kilo 500, bado hujahesabu mkokoteni wenyewe. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 20, na hicho si kilima cha kutisha, mlima peke yake unadai kilo 25 za nguvu kila hatua. Hapo sijaongeza mashimo, wala tairi lisilo na upepo. Mara mbili na nusu ya ile 10! Na kuteremka, hizo kilo 25 zinamsukuma yeye, na breki ni kipande cha tairi kuukuu kinachoburutwa nyuma.

Najua mtu atasema, "Huyo amejiajiri, nani atampimia?" Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema inahusu kila mahali pa kazi ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe kwa muda au kudumu. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa mkokoteni." Na tusidanganyane eti soko haliwezi kuwekewa kipimo. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, ingawa ukitembea sokoni utaona lumbesa bado ina marafiki.

Mikokoteni mingi hukodishwa kwa siku. Kwa hivyo mwenye mkokoteni, wewe ndiye wa kwanza: grisi kwa bearing, upepo kwa tairi, halafu pima tena uone namba ikishuka. Kaunti nayo ije na hiyo mizani ya ndoano pale barabara inapoanza kupanda, saa kumi na moja asubuhi, kabla ya kuja na askari wa kukamata mikokoteni.