Shaft: steringi wetu, faida yao

Wadau, kama hujawahi kuiona Shaft ya mwaka 1971, itafute wikiendi hii. Mtu mweusi anapanda ngazi kutoka treni ya chini ya ardhi, New York, koti refu la ngozi mwilini, anakatiza barabara katikati ya magari bila kumwomba mtu njia. Gitaa la Isaac Hayes linalia nyuma yake. Hajatamka neno, na tayari umeshajua mji ni wa nani.

Kwa wakati ule halikuwa jambo dogo. Hollywood ilizoea kumpa mtu mweusi nafasi ya mtumishi, au ya muungwana asiyemuudhi mzungu. John Shaft, aliyechezwa na Richard Roundtree, hana muda huo. Ni mpelelezi wa kujitegemea, ana ofisi yake. Polisi wanambembeleza, mbabe wa Harlem anamlipa amtafute binti yake aliyetekwa na Mafia, na yeye hampigii mtu magoti.

Wapo wanaoitia kapu moja na filamu zilizokuja kuitwa blaxploitation, kwamba zilimchora mtu mweusi kama jambazi na muuza unga. Kwa nyingi kati ya hizo, wana hoja. Kwa Shaft nabisha. Muongozaji wake alikuwa Gordon Parks, mpigapicha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life, aliyeijua Harlem kwa kuipiga picha tangu miaka ya 1940. Ndiyo maana mitaa yake ni mitaa ya watu, si mapambo.

Mimi kinachonikera ni hela. Studio ya MGM ilikuwa hoi. Mwaka 1970 ilipiga mnada hadi mavazi ya filamu zake za zamani. Mwaka uliofuata ikatoa Shaft kwa bajeti ndogo, watu weusi wakapanga foleni, MGM ikapumua. Studio nyingine zikanusa harufu, zikamwaga filamu za bei chee. Ziliposhiba, katikati ya miaka ya 1970, zikaondoka. Masteringi wetu wengi wakabaki benchi.

Sasa mtazame Melvin Van Peebles. Mwaka huohuo wa 1971 alitoa Sweet Sweetback's Baadasssss Song kwa fedha zake mwenyewe na mkopo wa dola 50,000 kutoka kwa Bill Cosby. Ilianzia kwenye majumba mawili tu ya sinema, Detroit na Atlanta, kisha ikaingiza mamilioni. Kama filamu, Shaft inaiacha mbali. Lakini Sweetback ilikuwa mali yake.

Kwa hiyo ninyi mnaoshika kamera na maikrofoni leo, mikogo ya Shaft igeni tu, inapendeza. Koti la ngozi linanunulika. Ila kabla hujasaini, uliza: kazi hii ikishapendwa, itabaki mikononi mwa nani?

Au nimekosea? Semeni.