Nyumba ya Chini, Sheria ya Juu: Funzo la Kwamsisi Mbili

Mkoani Tanga kuna kata mbili zinazoitwa Kwamsisi. Moja imo katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe, nyingine katika Halmashauri ya Wilaya ya Handeni. Mgeni anayeulizia njia ya kwenda Kwamsisi hana budi kuulizwa kwanza: ipi? Swali hilo la wasafiri ni swali la sheria pia. Familia inayotaka kujenga nyumba ya kawaida ya chini, yenye vyumba vitatu, sebule, jiko na choo, itatawaliwa na sheria tofauti kutegemea Kwamsisi iliyomo.

Nimelitafakari jambo hili tangu dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliponiomba nimsaidie kupanga nyumba yake katika Kwamsisi ya Korogwe. Alikuja na daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa nyumba. Ukurasa wa pili ulikuwa na miaka. Mwaka wa kwanza msingi. Wa pili matofali. Wa tatu kuta hadi kwenye linta. Wa nne hakuna ujenzi, kwa sababu mtoto wa kwanza ataingia kidato cha tano. Wa tano kupaua. Wa sita kuhamia katika vyumba viwili. Wa tisa dari na rangi. Nimesahihisha mipango mingi ya wanafunzi wa uzamili, lakini ni michache iliyokuwa ya kweli kama ukurasa ule wa pili.

Sasa tuuweke mbele ya sheria. Kiwanja kilichopimwa mjini humilikiwa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Mmiliki hupewa hati ya miaka 33, 66 au 99, na hati hiyo huja na masharti. Sharti mojawapo la kawaida ni kwamba jengo likamilike ndani ya miezi 36. Anayelikiuka anaweza kutozwa faini, na mwisho wa njia hiyo ni ubatilisho wa milki kwa amri ya Rais. Kabla ya msingi kuchimbwa, michoro hupelekwa halmashauri ili kupata kibali cha ujenzi, na wataalamu hutazama matumizi ya kiwanja, umbali kati ya kuta na mipaka, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, na mahali litakapokaa karo la maji taka.

Miezi 36 ni miaka mitatu. Daftari la dada yangu lina miaka tisa. Siku muda wa sheria utakapokwisha, atakuwa na boma lililofika kwenye linta. Machoni pa majirani atakuwa mama mwenye bidii. Machoni pa sheria atakuwa mvunja masharti. Hali hii si yake peke yake. Ni ya muuguzi, ya askari, ya mkulima wa mkonge na ya mfanyabiashara wa machungwa, wote wanaojenga kwa mtindo wa haba na haba kwa kuwa hawana njia nyingine.

Wapo watakaosema kwamba sharti hilo halitekelezwi kwa ukali, hivyo tusiwatishe watu. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Sheria inayovunjwa na walio wengi, kisha ikatumika kwa wachache, haipangi mji. Humpa ofisa uwezo wa kuchagua nani aadhibiwe na nani asamehewe. Kila boma lisilokwisha huwa deni la hisani, na tunajua hisani hulipwaje.

Katika Kwamsisi ya Handeni, kwenye ardhi ya kijiji, daftari lile lingeishi kwa amani. Huko hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na hatimiliki ya kimila yaweza kutolewa bila ukomo wa miaka. Lakini utulivu huo una gharama. Kijiji kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi hujengwa kwa kufuata barabara na mazoea. Siku eneo linapotangazwa kuwa la mipango miji, mitaa huchorwa juu ya sebule za watu. Walio kando ya barabara kuu wanalijua hili. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na familia zilizojenga nje ya mpaka wa zamani zikajikuta ndani ya mpaka mpya, zikisubiri kujua kama alama ya X ukutani itakuwa ya kijani yenye fidia au nyekundu isiyo nayo.

Tena Handeni si mahali pageni kwa nyumba zinazopangwa kutoka juu. Wazee wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, watu walipoelekezwa mahali pa kuhamia na kujenga. Mwaka 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, kwenye nyumba za vyumba vitatu za ramani moja, ekari 2.5 za makazi na ekari 5 za shamba. Kwa jamii ambayo kila mama katika kaya ya wake wengi huwa na nyumba yake, ni halali kuuliza ramani ile ilichorwa kwa familia ipi.

Sisemi sheria iondolewe. Wanaharakati wenzangu wasimtukuze mwananchi kupita kiasi: jirani anayejenga hadi kwenye bikoni huziba njia ya gari la zimamoto na la maji taka, na anayejenga ndani ya mita 60 za kingo za Mto Pangani anavunja Sheria ya Mazingira ya 2004 na kuhatarisha wanawe. Hoja yangu ni kwamba sheria imekaza mahali pa kulegeza na kulegea mahali pa kukaza. Mahali pa nyumba hapasahihishiki baada ya msingi kumwagwa. Hapo sheria iwe kali tangu siku ya kwanza. Muda wa kumaliza haumdhuru jirani. Hapo sheria iwe na subira.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kibali kitolewe kwa hatua: msingi, kuta, paa. Kila hatua ikikaguliwa na kukutwa sawa, muda uongezwe bila mwananchi kuomba radhi. Pili, halmashauri ziwe na ramani sanifu za nyumba za chini, zilizokwisha kuidhinishwa, zitolewe bure, na zichorwe zikitarajia kwamba nyumba itaanza na vyumba viwili na kukua. Tatu, mchoro wa mipango wa kila kata na kila kijiji ubandikwe kwenye ofisi ya mtendaji, kwa Kiswahili, ili mtu auone kabla hajanunua tofali.

Dada yangu ameshaonyeshwa bikoni zake. Tumeisogeza nyumba nyuma, tumelihamisha karo mbali na mpaka wa jirani, na baraza limepungua. Ukurasa wa kwanza wa daftari tumeubadilisha wote kwa ajili ya sheria, na ilistahili. Ukurasa wa pili hatuwezi kuubadilisha, kwa kuwa umeandikwa na mshahara. Huo ni zamu ya sheria kuusoma.