Karata za Kati Ndizo Hakimu

Katika poka ya mtindo wa Texas, ambayo ubingwa wake umekuwa ukishindaniwa Las Vegas tangu miaka ya 1970, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi katikati ziwe milki ya wote. Nami naitakidi ya kwamba kinachomtenga mjuzi na mjinga si bahati, bali ni kuzisoma hizo tano kabla ya kujivunia zake mbili.

Karata za kati hukataza kabla ya kuruhusu: pasipo mbili zinazolingana miongoni mwao, hapana awezaye kupata nne za daraja moja, wala tatu za daraja moja na mbili za jingine, na pasipo tatu za jamii moja, hapana awezaye kukusanya tano za jamii hiyo.

Tuseme zimelala kopa 9, 8 na 3, uru 2 na mzungu wa nne (mfalme) wa pau, nawe umeshika wazungu wa nne wa uru na wa shupaza. Mfuatano wa karata tano ni muhali. Kinachoweza kukushinda ni kopa mbili mkononi mwa mwenzio, na katika jozi 990 za karata usizoziona, za namna hiyo ni 45 tu. Lakini akizidisha dau mara ilipofunuliwa kopa ya tatu, dalili hiyo nayo haina budi kupimwa.

Basi, msomaji, kwanza ondoa yasiyowezekana, ndipo uyapime yaliyosalia. Afanyaye kinyume hubahatisha, hachezi.